Hatuna Sato, Tuna Tilapia

"Hatuna sato, dada. Tuna tilapia."

Mhudumu wa mgahawa mmoja Masaki aliniambia hivyo kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni wa mjini. Mimi nimekulia Musoma, nimepaa sato tangu sijajua kusoma. Sahani ilipofika nikaitazama ile mistari ya mkiani: sato huyu huyu, kavalishwa jina la Masaki na bei ya Masaki.

Wala sigombani na Kiingereza, maana jina lenyewe si la Kiingereza. Andrew Smith, daktari na mwanazoolojia kutoka Uskoti, aliliingiza vitabuni mwaka 1840, akilitengeneza kutokana na neno la Kitswana, tlhapi. Maana yake? Samaki. Basi. Tunaongezewa bei tule "samaki" wa Kibantu aliyepitia Ulaya akarudi na mkia wa Kilatini. Na wanasayansi wenyewe walishamhamisha sato. Leo kwao ni Oreochromis niloticus.

Mtaniambia watalii hawajui sato. Sushi nasi hatukuijua, tukajifunza.

Kinachoniuma kiko ziwani. Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950. Mwenyeji ni ngege, Oreochromis esculentus (huyo esculentus maana yake ni "anayelika", na kweli tukamla). Alivuliwa kupita kiasi, akaja sato akambana, akaja na sangara. Sasa kwenye ziwa kuu ni nadra kumpata. Amebaki zaidi kwenye vijiziwa vya pembeni na mabwawa. Bibi yangu akisema ngege na akisema sato anataja samaki wawili, na ukimchanganyia atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi. Ndani ya majina hayo mawili mna habari nzima: nani alikuwepo, nani aliletwa, nani katoweka.

Sema "tilapia", wote wanakuwa mmoja, pamoja na yule wa kufugwa anayekuja kutoka China akiwa amegandishwa. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepungua. Sahani imejaa, unataka nini tena?

Nikamwuliza mhudumu: huyu kavuliwa wapi?

Akacheka. "Dada, ni tilapia tu."