Uwanda wa Nyasi si Nchi Tupu

Msomaji, wako watu wasimamao katika uwanda wa Kinangop, huko Nyandarua, wakatazama nyasi zilizotanda kuelekea milimani, kisha wakasema, "Ardhi hii ni tupu, na ilimwe, au ipandwe miti." Neno hilo husemwa kwa nia njema, lakini ni kosa, nami nakusudia kulipinga.

Nchi huwa tupu isipokuwa na mwenyeji. Uwanda huu, ulioinuka zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari, unaye mwenyeji wake. Ni ndege mdogo mwenye mgongo wa hudhurungi, kifua cha manjano na kucha ndefu, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hujenga tago lake chini, katika mashungi ya nyasi, na humo hutafuta wadudu wa kulisha makinda. Msituni haishi, katika shamba la viazi hana pa kujificha. Makao yake yote ulimwenguni ni nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ni mojawapo ya ngome zake kubwa. Amekwisha kuandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Tumefunzwa tangu utotoni kwamba apandaye mti hutenda wema. Ni kweli, penye msitu uliokatwa. Lakini kupanda mikaratusi penye nyasi za asili si kuiponya nchi. Ni kumvua mtu nguo yake, kumvika ya mwingine, kisha kudai shukrani.

Utaniuliza, "Je, mkulima ale nyimbo za ndege?" Swali hilo ni la haki. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 jamaa nyingi ziligawiwa mashamba huko. Ardhi ni mali yao, na watoto wao wahitaji chakula na karo. Mimi sisemi jembe lizikwe. Nasema kila shamba liachiwe kipande cha nyasi. Kondoo na ng'ombe wakilishwa hapo kwa kiasi, hutoa sufu na maziwa bila kumfukuza ndege. Na sisi tusiolima huko tusimtwike mkulima peke yake mzigo wa kutunza mali ya taifa zima.

Jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha njia. Uwanda wao wa Kitulo, uitwao Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, waliufanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hawakungoja uote msitu ndipo wauthamini.

Mti ukikatwa, mwingine hupandwa; kiumbe kikitoweka, mbegu yake haiuzwi dukani. Basi, siku utakaposikia mtu akiuita uwanda wa nyasi nchi tupu, muulize kwa adabu: tupu kwa nani?