"Tumeelewana" Si Hati ya Nyumba

Waswahili ni watu wa ukarimu, na sifa hiyo hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini ukarimu huo huo huwaponza pale mtu anapomuuzia nyumba rafiki, shemeji au mtoto wa ami yake. Dukani mtu hugombania chenji ya kiberiti, nyumba ya vyumba sita Mbagala inauzwa barazani, kwa kahawa na kashata, na anayeuliza karatasi anajibiwa, "Kwani huniamini?"

Anayeuliza ndiye anayeonekana hana adabu!

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na Mwenyezi Mungu hakuwaacha waja wake gizani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na inakataza watu kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Wakristo nao wanaye Yeremia, aliyenunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Nabii na nduguye wangeweza kupeana mikono yakaisha. Wapi! Alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, akaandika hati, akaitia muhuri mbele ya mashahidi, akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ipate kudumu. Seremala wa Temeke na shemeji yake wana uaminifu gani wa kumzidi nabii?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuziana uwe wa maandishi. Na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hiki ndicho kisahaulikacho. Wanaume wawili humalizana wenyewe. Mnunuzi hutoa nusu, nusu nyingine "mambo yakikaa sawa". Mwenye nyumba anafariki. Arubaini ikishapita, mjane anasema neno moja tu: "Mimi sikushirikishwa." Daftari la shule walimoandikiana halina saini yake, halina namba ya kiwanja, halina hata salio. Urafiki wa miaka 20 umegeuka kesi, na watoto wa pande mbili hawasalimiani msikitini.

Bei ya kindugu nayo haikatazwi. Undugu ni kufaana, na atakaye kupunguza apunguze, ila iandikwe ile iliyolipwa. Na maadamu bei imetajwa, ile asilimia 10 inayodaiwa na baadhi ya wenyeviti wa mitaa ili wagonge muhuri imetoka sheria ipi? Hakuna. Ni kula jasho la watu, nao watu wanaitoa kwa unyenyekevu kama zaka! Muhuri wenyewe hauhamishi milki: nyumba yenye hati huhamishwa kwa Msajili wa Hati, kwa fomu zake, kibali chake na kodi zake.

Anayetaka kumuuzia nduguye nyumba mwezi huu amwite mkewe kwanza, akae kitako asikie. Kisha aitwe wakili, fedha zipitie benki, na karatasi ya salio itiwe saini kabla kahawa haijapoa.