Usiue Thredi, Gonga Bodi

Wasee wa Kitui na Makueni mnaoandika Java, leo naongea wazi: hizo catch tupu mnazoacha kwenye programu zenu ni tabia mbaya.

Hebu tuone. Uko kwa matatu ya Wote kwenda Machakos na unataka kushuka. Si unyang'anye dereva funguo gari ikiwa mbio! Unaambia makanga "shukisha", anagonga bodi, dereva anatafuta mahali salama, anasimama.

Thread.stop() ndiyo kunyang'anya funguo. Thredi inakatwa popote ilipo, inaachilia kufuli zote ilizoshika, kazi inabaki nusu. Tuseme programu inapokea ndengu za wakulima. Imeshaongeza gunia kwenye hesabu ya stoo, lakini haijaandika pesa ya mkulima. Ukiikata hapo, stoo imepata gunia na mama ya watu hana chake. Ndiyo maana Java ilianza kuikataa njia hii tangu toleo la 1.2, mwaka wa 1998. Kuanzia Java 20, mwaka wa 2023, ukiiita inakurushia hitilafu tu.

interrupt() ndiyo "shukisha". Ni ombi, si kofi. Inawasha alama, basi. Ni kazi ya thredi yenyewe kuangalia isInterrupted() kila mzunguko, imalize rekodi iliyo mkononi, halafu itoke.

Shida inaanza thredi ikiwa imelala kwa sleep(). Inaamshwa na InterruptedException, na wakati huo huo ile alama inazimwa. Sasa wewe umeweka catch tupu. Huyo ni makanga amesikia shukisha akanyamaza. Dereva hana habari, steji inapitwa.

Kama huwezi kumaliza mambo hapo hapo, ndani ya catch andika Thread.currentThread().interrupt(). Hapo umegonga bodi, na sehemu iliyokuita itaona alama.

Najua mtu atasema, "lakini yangu inafanya kazi." Sawa, inafanya. Ngoja siku utaambia seva izime, programu ikatae kutoka, na mtu achoke aizime kwa nguvu. Mmerudi kwa kunyang'anya funguo, na ni mkulima atakuja kuuliza pesa yake iko wapi.

Fungua projekti yako usiku huu, tafuta InterruptedException. Hesabu catch tupu ni ngapi, uanze kuzijaza.