Mwaka mmoja, na bado hajatembea

 

Wiki hii binti yetu ametimiza mwaka mmoja. Alizaliwa Julai, ile Julai ya Dodoma ambayo upepo huvuma usiku kucha na vumbi likaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Alikuja kabla ya wakati, wiki ya 32, kichanga cha kilo moja na nusu. Kwa zaidi ya mwezi mama yake alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ile huduma wanayoiita kangaruu. Na mimi nilimbeba kwa zamu, shati limefunguliwa vifungo, kitenge kimezungushwa mgongoni. Wanaume wenzangu waliokuja kutupa pole na hongera hawakujua waangalie wapi.

Leo ana meno manne. Anapiga makofi redio ikiwashwa, anamfahamu paka wa jirani kuliko anavyomfahamu mjomba wake, na akinyimwa simu analia kama aliyefiwa. Hajatembea. Nataka tutafakari pamoja neno hilo moja, kwa sababu limenisumbua mwaka huu kuliko nilivyotarajia, na limenifanya nitende jambo ambalo leo naliungama mbele yako.

Ilikuwa Jumapili ya Machi, mtoto ana miezi minane. Ibada imekwisha, tumesimama mlangoni pa kanisa, mvua imepiga asubuhi na watu wanakwepa madimbwi. Mama mmoja wa kanisani, mwenye upendo, nasema hivyo bila kejeli, akamshika mtoto shavu akaniuliza, "Baba, huyu si ameshaanza kutambaa?" Nikajibu, "Ndiyo mama, anafika mpaka mlangoni." Msomaji wangu, wakati huo binti yetu alikuwa hawezi hata kukaa bila kuwekewa mto nyuma. Nilidanganya nikiwa na Biblia kwapani, saa moja tu baada ya kutamka sala ya toba pamoja na kanisa zima. Mke wangu alisikia. Hakusema kitu njia nzima hadi nyumbani.

Kwa nini nilidanganya? Hakuna aliyenitisha. Niliona aibu. Na ukiichunguza aibu hiyo utaona ilikuwa yangu mimi, si ya mtoto. Nilikuwa nimegeuza miezi yake kuwa matokeo ya mtihani wangu.

Nadhani wengi wa umri wetu hapa mjini tunafanana katika hili. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, vijana wengi tumekuja na ajira zetu, tukapanga, wengine tumejenga, na watoto wamezaliwa. Bibi zao wako mbali, Mbeya, Bukoba, Tanga. Aliyepaswa kukaa kwenye mkeka na kusema "Hata baba yake alichelewa, mwacheni," hayupo. Badala yake tuna makundi ya simu. Asubuhi mmoja anatuma video ya mwanawe amesimama, mchana mwingine anajibu kwamba wa kwake alisimama akiwa na miezi saba, na jioni mama aliyenyamaza kutwa nzima anajifunika shuka na kulia.

Jambo hili si geni, limebadili nguo tu. Zamani, katika makabila mengi ya nchi yetu, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego. Alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo. Mahali pengine aliuawa, mahali pengine alitolewa akalelewa na wengine. Hebu fikiri: jino moja, kitu kidogo kama punje ya mchele, lilitosha kuamua kama mtoto ataishi. Injili ilipofika, ilikuta hatua za ukuaji wa mtoto zikitumika kama baraza la hukumu. Hatuwaui tena watoto kwa sababu ya jino, na tumshukuru Mungu. Lakini lile baraza hatujalivunja lote. Hukaa bado, na mara nyingine hukaa mlangoni pa kanisa baada ya ibada.

Aprili tulikwenda kliniki, miezi tisa imetimia, siku ya chanjo ya surua na rubela. Unajua mahali penyewe: mabenchi chini ya mwarobaini, mizani inaning'inia, mtoto anavalishwa ile kaptula yenye mikanda na kupiga kelele kama anachinjwa. Akina mama arobaini hivi, akina baba tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria wake. Muuguzi akaweka nukta yake kwenye kadi. Akamkalisha mtoto mezani, mtoto akainama mbele kama gunia lisilojaa. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa. Hakunijibu. Alifungua ukurasa wa mwanzo wa kadi, akasoma, akasema, "Huyu alizaliwa wiki ya 32. Mbona mnamhesabia kama wenzake? Toeni wiki nane."

Wiki nane! Kwa hesabu ya kukaa na kutambaa, binti yetu alikuwa na miezi saba tu. Muuguzi alitueleza kwamba mtoto njiti huhesabiwa hivyo mpaka afike kama miaka miwili, ingawa chanjo hazisubiri, hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Kisha akaongeza neno ambalo nililipenda zaidi: "Pamoja na hayo, mpelekeni kwa daktari wa watoto amtazame. Tusikisie." Tukaenda. Daktari akamtazama, akatufundisha namna ya kumlaza kifudifudi na kumchezesha sakafuni, na mwezi mmoja na nusu baadaye alikaa mwenyewe, akashangaa, akaanguka, akacheka.

Kadi ilikuwa ile ile, wino ule ule. Mikononi mwangu ilikuwa hati ya mashtaka. Mikononi mwa yule dada ilikuwa swali: mtoto huyu anahitaji nini?

Sasa fungua Hosea, sura ya 11. Nabii huyu aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini, karne ya nane kabla ya Kristo, anamsikia Mungu akikumbuka kama mzazi anavyokumbuka. Mungu anasema kwamba ndiye aliyemfundisha Efraimu kutembea, akawachukua mikononi, nao hawakutambua kuwa ni yeye aliyekuwa akiwaponya. Mstari unaofuata unamwonyesha akiinama kuwalisha. Nimeusoma mara nyingi kabla ya kuwa baba na sikuona kitu. Sasa naona mgongo. Anayemfundisha mtoto kutembea anainama mpaka kiuno kinauma, mikono miwili chini, hatua kwa hatua, kuzunguka chumba, na atakapokua mtoto huyo hatakumbuka hata dakika moja ya kazi ile. Hakuna mmoja wetu anayekumbuka nani alimshika. Huo ndio uchungu ulio ndani ya maneno ya Hosea. Na angalia Mungu anachokumbuka: mikono ya Efraimu iliyoshikwa. Miezi hakuihesabu.

Luka naye, ambaye Paulo anamwita tabibu, anatuandikia kuzaliwa kwa Yesu, kutahiriwa siku ya nane, kupelekwa hekaluni, kisha anaruka mpaka miaka kumi na miwili. Katikati anasema tu kwamba mtoto alikua. Tabibu mzima, wala hakutuandikia Mwana wa Mungu alikaa akiwa na miezi mingapi! Wazazi wa leo tungemwandikia barua.

Usinielewe vibaya kwamba vipimo havina maana. Vina maana kubwa, na hapa nataka niseme kwa ukali kidogo, maana nimewasikia hata watumishi wakisema "mwachieni Mungu" mahali ambapo Mungu ametupa kliniki. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wenye afya njema kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walioanza mapema walitembea wenyewe wakiwa na miezi 8, na wa mwisho walikaribia miezi 18. Wote walikuwa wazima. Kukaa bila msaada kulianzia karibu miezi minne hadi tisa. Wapo, kama wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mlango wa kawaida ni mpana sana, mpana kuliko makundi yetu ya simu. Lakini mlango una mwisho. Mtoto akivuka miezi tisa hakai, akivuka kumi na minane hatembei, au akiacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza, mpeleke, na usisubiri semina ya maombi iishe. Omba mkiwa njiani.

Na uzito wake kwenye kadi utazame pia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Katika nchi hii ya kati mvua ni msimu mmoja, na ukikatika mapema nyumba nyingi hubaki na ugali na mlenda mpaka mavuno mengine. Mtoto akishafika miezi sita maziwa ya mama hayamtoshi peke yake, anahitaji na uji, karanga, yai, dagaa. Hapo kadi haimwambii mama kwamba ameshindwa. Inaliambia kanisa kwamba kuna nyumba ya kupeleka debe la karanga.

Kufika mwaka mmoja, wapendwa, si jambo dogo. Wazee wa Ugogo bado wanasimuliana Mtunya, njaa kuu iliyokuja mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na familia zilizobaki bila mtoto. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1999 watoto 99 kati ya 1,000 waliozaliwa hai Tanzania hawakuiona siku yao ya kuzaliwa ya kwanza. Kufikia 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 33. Mshukuru Mungu kwa hao waliookoka, na ukisimama mbele na keki yako, kumbuka kwamba benchi la nyuma yupo mmoja wa wale 33, yaani yupo mama yake.

Yupo na mwingine ambaye hata benchi la nyuma hakai. Ni jirani yetu. Mwanawe ana miaka miwili na miezi minne, ana mtindio wa ubongo, hakai, hasimami, na madaktari wamemwambia mama waziwazi kwamba huenda asitembee kamwe. Kwake yeye hesabu ya wiki nane haisaidii kitu. Hakuna ukurasa wa mwanzo wa kufungua. Aliacha kuja kanisani mtoto akiwa na miezi kumi. Nilidhani amehama dhehebu. Mke wangu ndiye aliyemuuliza, nao walikuwa wanaanua nguo, na akajibu, "Mama, nimeombewa mpaka nimechoka. Kila anayeniombea huanza kwa kuniuliza nilifanya nini."

Swali hilo wanafunzi wa Yesu walimuuliza katika Yohana 9, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakusema ni baba, hakusema ni mama. Sisi tumelichukua tena pale alipolitupa, tukalifuta vumbi, tukalirudisha mlangoni.

Yule mama hakuogopa ugonjwa wa mwanawe, kwa maana ameishi nao, anaujua, anambadilisha usiku, anamlisha kwa kijiko kwa saa nzima. Alitukimbia sisi. Nami nilipodanganya pale mlangoni kuhusu binti yangu, nilikuwa naongeza tofali moja kwenye ukuta uliomzuia. Maana kila mzazi anayesema "wa kwangu anatambaa" na hatambai, anamfanya mama wa asiyetambaa kabisa ajione yuko peke yake duniani.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilimtafuta yule mama wa Machi, nikamwambia ukweli. Alicheka sana. Akaniambia kifungua mimba wake alitembea akiwa na miezi kumi na saba, na kwamba katika muda huo wote aliwaambia watu kanisani kuwa mtoto ana homa ndiyo maana amebebwa.

Leo ni siku ya shukrani yetu. Keki hatukununua. Tumechukua bajaji moja, watu watano: mimi, mke wangu, binti, jirani na mwanawe. Alikubali jana usiku, baada ya kukataa mara mbili. Kiti cha mtoto cha magurudumu bado tunakitafuta, hivyo atakaa mapajani mwetu kwa zamu. Nimewaomba wazee wa kanisa watuwekee nafasi benchi la tatu kutoka mbele, upande wa ukuta, ambako upepo hauingii.