Mashauri ya Nyumbani: Kununua Motokaa Iliyokwisha Tumika

Katika barua zinazotufikia kuna swali moja linalorudi mara kwa mara, hasa kutoka kwa walimu wa Tanzania Bara: tumeweka akiba kidogo, motokaa mpya hatuiwezi, je, iliyokwisha tumika yafaa? Na fedha zikipungua, tukope wapi? Mwezi huu twalijibu kwa urefu, maana tumeona nyumba zilizopata nafuu kubwa kwa motokaa, tena tumeona nyingine zilizouza shamba kwa ajili ya chombo ambacho hata jina la mwenye nyumba halikuandikwa katika kadi yake.

Kwanza yafaa mjue ya kuwa bei anayoitaja mwuzaji si gharama ya motokaa. Mtu mwenye shilingi milioni 10 asitafute motokaa ya milioni 10. Atafute ya milioni 8 na nusu, na zilizosalia ziwe za kuhamisha jina, za bima, za matairi, na za fundi, kwa kuwa hapana motokaa iliyotumika isiyodai kitu katika miezi yake ya kwanza. Kisha mume na mke wakae pamoja wapige hesabu ya petroli. Nyumba iliyo kilometa 15 kutoka shuleni, kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi, ni kilometa 660 kwa mwezi. Motokaa ndogo inayokwenda kilometa 12 kwa lita moja itakunywa lita 55, kabla hamjaenda sokoni wala hospitali. Zidisheni lita hizo kwa bei inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nanyi mtaona kama mshahara waweza kubeba. Wako waliokwisha kupiga hesabu hii wakanunua pikipiki, au wakaendelea na daladala, wala hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo.

Motokaa nyingi zinazouzwa kwetu zatoka Japani, ambako usukani uko upande wa kulia kama huku. Sheria ya huko yataka motokaa ya binafsi ipimwe inapotimiza miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Na kwa kuwa kipimo hicho kina gharama, wengi huuza mapema. Basi umri peke yake si ubovu. Lakini msidanganywe na desturi ya mjini ya kusifu motokaa kwa herufi ya namba yake: "Hii ni namba E, bado mpya kabisa." Herufi hiyo yaonyesha ni lini motokaa iliandikishwa Tanzania, wala haisemi ni lini iliundwa. Motokaa ya mwaka 2005 iliyoshushwa Dar es Salaam mwaka 2024 yaweza kuwa namba E, na ile ya mwaka 2010 iliyotangulia kufika ikawa namba C. Mwaka wa kuundwa umeandikwa katika kadi, someni huko.

Mkienda kuitazama, nendeni na fundi wenu ninyi, mumlipe ninyi, wala msimpokee fundi wa mwuzaji wala wa dalali. Nendeni asubuhi, na mwuzaji aambiwe asiiwashe kabla hamjafika, kwa maana injini iliyokwisha pata moto huficha mengi. Fungueni kifuniko cha mafuta ya injini: mkiona ute wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia katika mafuta, na hayo ni matengenezo ya fedha nyingi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inaunguza mafuta yake. Moshi mweusi, kwamba petroli inaingia kupita kiasi. Tazameni matairi: ubavuni mna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hata 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililolika upande mmoja tu laonyesha kwamba miguu ya motokaa imepinda au imelegea. Inueni zulia, mnuse; harufu ya ukungu na kutu chini ya viti ni alama za motokaa iliyowahi kuzama katika mafuriko. Saa ya kilometa msiitegemee sana, kwa kuwa hurudishwa nyuma kwa urahisi. Linganisheni kilometa zake na ulikaji wa usukani, wa kiti cha dereva na wa pedali za miguu.

Mwenye kuagiza mwenyewe kutoka Japani aombe karatasi ya mnada pamoja na tafsiri yake. Daraja lililoandikwa R au RA maana yake ni kwamba motokaa hiyo imewahi kupata ajali na kutengenezwa. Tena kabla ya kutuma fedha atazame kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, apate kujua kodi zake, kwa maana TRA hukadiria kwa thamani iliyo katika orodha yake yenyewe, na mara nyingi kodi hukaribia bei ya motokaa au kuipita.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote, nalo ni karatasi. Mwuzaji akupe kadi ya asili, si nakala. Namba ya chasisi iliyo katika kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa katika chuma cha motokaa, tarakimu kwa tarakimu, na namba ya injini vivyo hivyo. Jina lililo katika kadi liwe la yule anayekuuzia, naye aonyeshe kitambulisho chake. Akisema, "Gari ni la shemeji yangu, yuko safarini," mngojeeni shemeji arudi. Akisema mwenye jina amekwisha fariki, hapo hapana mauziano mpaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama aweke sahihi yake, kwa kuwa watoto wa marehemu watakuja, nao watakuwa na haki.

Kisha ulizeni madeni. Mwaka 2017 ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, lakini faini za barabarani na ada za maegesho hufuata namba ya motokaa, si mtu aliyefanya kosa. Faini zaweza kutazamwa katika mfumo wa polisi wa usalama barabarani kwa kuandika namba ya motokaa, na za maegesho katika mfumo wa serikali unaozikusanya. Yote haya yafanywe kabla ya kulipa. Mwuzaji mwenye nia njema hatakasirika.

Mkipatana, mkataba uandikwe mbele ya wakili, fedha zipite benki ili pawe na ushahidi, na kazi ya kuhamisha jina TRA ianze siku ile ile. Twajua kwamba wengi huiahirisha kwa sababu ya ushuru wa stempu na ada nyingine, wakaendesha miaka mitatu kwa jina la mtu mwingine. Watu hawa hawajui walivyo hatarini. Mwuzaji akidaiwa mahakamani, motokaa yaweza kukamatwa kama mali yake; akifa, yaweza kuhesabiwa katika mirathi yake; ikiibwa, mwendeshaji atakuwa na kazi ngumu ya kumweleza mwenye bima kwamba hasara ni yake. Naye mwuzaji pia hana amani, kwa kuwa motokaa ikigonga mtu usiku na kukimbia, polisi watabisha hodi kwa yule ambaye jina lake limo katika kadi.

Juu ya kukopa. Sisi twaona ni heri kungoja mwaka mmoja na kununua kwa akiba, lakini twajua kwamba mwenye mgonjwa wa kupeleka kliniki kila juma hawezi kungoja. Basi akikopa, asiulize tu "riba ni asilimia ngapi," bali aulize "inahesabiwa juu ya nini." Hapa ndipo walimu wengi, wanaofundisha hesabu darasani, hushindwa katika hesabu yao wenyewe. Tuchukue mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza hutoza riba juu ya mkopo wote mpaka mwisho: ni shilingi 120,000 kila mwezi, jumla ya riba 2,880,000, na malipo ya kila mwezi 370,000. Mkopeshaji wa pili hutoza asilimia ile ile, lakini juu ya deni lililobaki tu: malipo ni kama shilingi 317,200 kwa mwezi, na jumla ya riba ni kama 1,613,000. Asilimia ni moja, miezi ni ile ile, na tofauti yapita shilingi milioni moja na robo. Vyama vingi vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, hutumia njia hii ya pili, ndiyo sababu twapenda mwanachama aanze huko kabla ya kwenda mahali pengine. Ulizeni pia ada ya kufungua mkopo, bima ya mkopo, na kama kulipa mapema kuna adhabu.

Kuna kanuni kwamba makato ya mtumishi wa umma yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Lakini jueni kwamba kanuni hiyo ni mpaka wa mwajiri. Haikupimwa kwa chungu cha nyumbani kwenu. Nyumba yenye watoto wanne shuleni haiishi kwa theluthi moja. Na kwa wadhamini twasema hivi: ukiweka sahihi kwa ajili ya mwalimu mwenzako, akiba yako ndiyo itakayokatwa akishindwa. Mkeo au mumeo aambiwe kabla ya sahihi, asije akasikia habari kwa afisa wa mikopo. Nyumba ya ndoa yenyewe, sheria hairuhusu iwekwe rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Na shamba tunashauri lisiwekwe rehani kwa ajili ya motokaa hata mwenzi akiridhia, kwa kuwa shamba hubaki na thamani yake na motokaa hupungua kila mwaka. Tena ile mikopo ya mtaani ambayo watu wameiita wenyewe "kausha damu", ambayo humtaka mtu aache kadi ya gari mezani na kurudisha fedha baada ya majuma machache, jina lake latosha.

Tumalizie kwa bima. Sheria yataka kila motokaa inayotembea barabarani iwe angalau na bima ndogo, ambayo hulipa madai ya watu wengine waliodhuriwa na motokaa yako. Motokaa yako mwenyewe haitengenezwi kwa bima hiyo. Bima kubwa hutengeneza na yako, au hukulipa ikiibwa au kuteketea. Kima cha chini cha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa motokaa ya binafsi kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 100,000 kwa bima ndogo, na asilimia 3.5 ya thamani kwa bima kubwa, na VAT juu yake. Basi motokaa ya milioni 12 hulipiwa 420,000, na pamoja na VAT ya asilimia 18 ni 495,600. Aliyenunua kwa mkopo asiache bima kubwa, na mara nyingi mkopeshaji mwenyewe huilazimisha, kwa kuwa motokaa ikiteketea deni haliteketei.

Mambo matatu hupoteza haki ya watu wengi. La kwanza, bima ya mwuzaji haihami pamoja na motokaa pasipo kibali cha kampuni. Stika iliyo hai yaweza isikusaidie kitu. Ihakikini kwa namba ya motokaa katika mfumo wa TIRA, kisha nendeni kwa kampuni mkaandikiwe jina lenu. La pili, watu hutaja thamani ndogo ili walipe kidogo. Motokaa ya milioni 12 ikikatiwa bima ya milioni 8, kampuni yaweza kulipa theluthi mbili tu za matengenezo, na theluthi moja mtajazia wenyewe. La tatu, motokaa iliyokatiwa bima ya matumizi ya binafsi ikichukua abiria wa nauli, hata ikiwa ni walimu wenzako wanaochangia kila siku kwa bei iliyopangwa, kampuni yaweza kukataa madai. Mwenye nia ya kufanya hivyo amweleze wakala wakati wa kukata bima, alipe kiasi kinachostahili.

Ajali ikitokea, waangalieni kwanza waliojeruhiwa, na wapatiwe fomu ya polisi, PF3, kwa ajili ya matibabu. Msiondoe motokaa kabla polisi hawajapima, isipokuwa kuokoa maisha kwalazimu. Msikiri kosa wala kuahidi fedha pale barabarani. Piga picha, chukua namba na majina ya mashahidi, na kampuni ya bima ipewe habari upesi, ikiwezekana siku ile ile. Fundi asiguse kitu mpaka mkaguzi wa kampuni aje. Nakala ya kadi na ya bima na ziwekwe nyumbani mahali anapopajua mama wa nyumba, na nyingine ndani ya motokaa. Lakini kadi ya asili isiachwe kamwe ndani ya motokaa, kwa kuwa mwizi akiipata amepata vyote viwili.