Mzee, Usisingizie Risasi

Tulimtafuta hadi saa sita usiku. Matone mawili ya damu kwenye majani makavu, manyoya kidogo, halafu basi. Ilikuwa Oktoba, msimu wa gobori kule Pennsylvania, na mzee jirani yangu, aliyenifundisha kuwinda, alikuwa amempiga kulungu jike kutoka yadi 180. Hiyo ni zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira. (Namwita kulungu kwa kukosa jina lingine. Huyu wa Marekani ana mkia mweupe kwa chini, na hata si wa ukoo mmoja na kulungu wetu wa Aberdare.) Tochi ikaanza kufifia. Mzee akashika kiuno, akasema, "Risasi haikufunguka." Kesho yake asubuhi alikuwa dukani, ananunua risasi za kampuni nyingine.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Wacha kwanza nieleze, maana wengi wetu gobori tumelisikia kwa hadithi tu. Ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unashindilia risasi kwa fimbo, unamwomba Mungu. Mlio mmoja, moshi tele, kisha uanze kazi upya. La zamani ni la gumegume, linalowashwa na cheche za jiwe. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight, akatoa la kisasa, fataki ikiwa imekaa nyuma ya baruti moja kwa moja. Siku hizi watu hulifunga darubini, na risasi yake si tufe tena. Imechongoka, ina tundu puani, na imevalishwa kikombe cha plastiki kinachodondoka ikishatoka mtutuni.

Lile tundu la puani ndiyo biashara yote. Ndilo linaloifanya risasi ichanue kama uyoga ndani ya mnyama, ikate kwa upana, damu itoke haraka, mnyama afe kabla hajajua kumetokea nini. Lakini kuchanua kunataka kasi. Risasi ikifika imechoka, inapita kama sindano ya gunia: tundu dogo la kuingia, tundu dogo la kutoka, damu inabaki ndani, na mnyama anakimbia akafie pahali hamtamwona. Ikifika na kasi ya kupita kiasi, na ganda lake ni jembamba, inaweza kusambaratika kwenye bega kabla ya kugusa mapafu. Kwa hivyo mzee hakudanganya. Huenda kweli haikufunguka. Swali langu ni nani aliyeituma mbali hivyo.

Sasa chukua lile tufe la zamani, linalochekwa na kila mtu dukani. La nusu inchi lina uzito wa kama gramu 11 na nusu, ni risasi tupu, yaani madini yenyewe (Kiswahili kimeyapa madini na kitu jina moja, na kwa tufe hili kimepatia kabisa). Hewani ni bure. Likifika yadi 100, zaidi ya theluthi ya kasi yake imeshaenda. Lakini madini hayo ni laini, yanabonyea hata kwa kasi ndogo, na hata yasipobonyea, nusu inchi ni tundu tosha. Kwa hatua 50 linapasua mbavu na kutokea upande wa pili.

Baada ya Krismasi Pennsylvania ina msimu wa gumegume peke yake, bila darubini. Mzee yuleyule, tufe hilohilo la kuchekwa, hatua 30. Kulungu alitembea kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaanguka moshi haujaisha. Usiku ule tulikula ini na vitunguu.

Ngoja nicheke kidogo hapa. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikaa Brussels yakakubaliana kuwa katika sehemu kubwa ya Afrika watu wasiuziwe bunduki mpya zenye mikato ndani ya mtutu. Gumegume ndizo ziruhusiwe. Leo kuna Mmarekani anayelipa mamia ya dola ili anyimwe kile babu zetu walinyimwa bure.

Tuendelee. Nitaambiwa teknolojia inapunguza mateso. Sawa, na kwa yadi 80 nakubali kabisa: risasi ya kikombe inapiga pale ulipoilenga na inaua vizuri kuliko tufe. Shida ni kwamba hakuna anayebaki yadi 80. Mtu akipewa uhakika zaidi, anauchukua na kurudi nyuma nao mpaka uishe. Tangazo kwenye boksi halisemi "utakosa mara chache." Linakuonyesha mnyama aliye mbali. Na kwa yadi 180 risasi hiyo inashuka upana wa kiganja au zaidi, upepo unaisukuma, una mlio mmoja tu, na moshi unakuficha alikokimbilia. Colorado wamekataza vikombe vya plastiki na darubini kwenye msimu wa gobori, na sijasikia kwamba wawindaji wa huko wanalala njaa.

Rafiki yangu wa Umoja aliniandikia, "Bana, huku tulipiga marufuku uwindaji 1977, na wewe umeenda kuua wanyama wa watu?" Kwa kawaida ningemuuliza kuhusu mbuzi wake wa Jumapili. Usiku ule wa Oktoba sikumjibu. Nilikuwa nimekaa kwenye gari, suruali imelowa hadi magotini, na mahali fulani kwenye giza lile kulikuwa na jike lenye tundu dogo tumboni au begani, hatukujua wapi. Hatukujua kwa sababu tulikuwa mbali mno hata kuona.

Mwaka huu mzee amenialika tena. Nimemwambia nitakuja ikiwa tutakubaliana hatua 80, tuzihesabu kabla ya kupanda kwenye kituo chetu, na tufunge utepe kwenye mti wa mwisho. Amenitumia picha ya boksi jipya la risasi. Kuhusu utepe bado hajasema kitu.