SHAMBA NA BUSTANI: Jira Katika Nchi ya Baridi

Yuko mkulima wa Kinangop, au wa Molo, au wa Mau Narok, ambaye hununua dukani kipakiti kidogo cha jira cha kutia katika pilau, naye akitazama bei yake hujiuliza, Mbona mimi nisipande mmea huu? Viazi vyastawi kwangu, njegere zastawi, kabichi zastawi. Jira ina nini? Swali hilo ni la haki, na leo twataka kulijibu kwa ukamilifu. Maana wako watu wa namna mbili wanaopotea katika jambo hili. Mmoja ni yule asemaye kwamba jira ni mmea wa jangwani, hauwezi kabisa kuota penye baridi. Wa pili ni yule aliye tayari kung'oa viazi vyake eka nzima ili apande jira kwa mara ya kwanza. Wa kwanza hupoteza nafasi yake, na wa pili hupoteza chakula cha watoto wake.

Jina Lake

Kwanza tuelewane juu ya jina. Jira ndiyo ile ambayo watu wa pwani wengine huiita bizari nyembamba, na wengine uzile. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba imetajwa humo tangu zamani. Isichanganywe na kisibiti, ambacho punje zake zafanana nayo sana lakini zimepinda zaidi, nazo ni nyeusi kidogo na harufu yake ni nyingine. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja, pamoja na giligilani na karoti, lakini tabia zake ni mbalimbali, na anayenunua mbegu bila kuuliza aweza kupanda hii akitumaini kuvuna ile.

Adui ni Nani?

Jira nyingi sana ya ulimwengu hulimwa India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba mmea huu hupenda joto kali. Sivyo. Wakulima wa huko huipanda mwezi wa Novemba, wakati joto la nchi yao limepungua, nao huivuna Februari na Machi kabla joto kali halijarudi. Yaani kwao jira ni zao la msimu wa baridi. Tena iko nchi ya Uturuki, katika uwanda wa juu wa Konya, ambako theluji huanguka wakati wa baridi. Huko mbegu hupandwa baridi kali ikiisha kupita, na mavuno huwa mwezi wa Julai.

Basi nchi hizo mbili zafanana kwa nini? Zafanana kwa ukavu. Jira yaweza kuvumilia ubaridi wa asubuhi ikiwa ni ubaridi mkavu, na jua likatoka mchana. Isichoweza kuvumilia ni mambo mawili: sakitu, yaani ile jalidi nyeupe ionekanayo juu ya majani alfajiri, hasa ikiishukia wakati wa maua au punje changa; na hewa ya mawingu, ukungu na manyunyu wakati huo huo wa maua. Ndiyo maana mkulima wa milimani asiulize tu, Je, kwangu kuna baridi? Aulize, Je, ninazo siku za kutosha zisizo na mvua wala sakitu?

Hesabu ya Siku

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Jira yataka siku 100 hadi 120 tangu kupandwa hata kuvunwa. Penye baridi hukua polepole, kwa hiyo mkulima mwenye busara huongeza majuma mawili ya tahadhari. Chukua siku 120, ongeza 14, utapata 134.

Sasa tazama kalenda ya sehemu zetu za juu. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea hata Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya mawingu na ubaridi, na jua halionekani sana. Oktoba na Novemba huja mvua za vuli. Miezi iliyo mikavu kweli ni Januari na Februari. Basi mavuno yetu sharti yawe ghalani kabla ya masika. Tuseme yawe tayari tarehe 10 Machi. Ukihesabu kurudi nyuma siku 134 utafika siku za mwisho za Oktoba. Hiyo ndiyo siku ya kutia mbegu udongoni. Atakayengoja mpaka Krismasi atakuta mvua ya Aprili inaozesha punje zake zikiwa bado mbichi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza mfuko pia.

Lakini msomaji mwangalifu atasema, Mwisho wa Oktoba mvua inanyesha. Tena Januari ndipo sakitu hushuka! Asema kweli, na hiyo ndiyo taabu ya nchi yetu: majira yale yale yaliyo makavu ndiyo yenye usiku mweupe usio na mawingu, na usiku wa namna hiyo ndio uzaao sakitu. Januari 2012 hata chai ya Kericho na Nandi iliunguzwa. Basi mbegu tuzilinde na mvua mwanzoni, na maua tuyalinde na sakitu baadaye. Yote mawili yawezekana katika bustani ndogo.

Kuotesha Miche

Kabla ya yote, jaribu mbegu zako. Jira ya dukani huenda ni kuukuu, au imekaushwa mno. Tia punje 20 katika kitambaa chenye unyevu, uweke mahali pa vuguvugu, ukitazama kila siku. Baada ya majuma mawili ukiona zisizofika 12 zimechipua, tafuta mbegu nyingine.

Jira ina mzizi mmoja mkuu ushukao chini, nayo huchukia kuguswa mzizi huo. Mtu akiiotesha kitaluni kama kabichi na kuing'oa ili aipandikize, mingi itakufa. Dawa yake ni vikopo vya karatasi. Chukua gazeti lililokwisha kusomwa, likunje liwe kama kikombe cha urefu wa inchi tatu au nne, ujaze udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga na mboji iliyooza sawasawa. Loweka mbegu kwa saa nane, kisha tia punje tatu katika kila kikopo, kina kisizidi nusu inchi. Panga vikopo ndani ya sanduku. Mchana sanduku likae upenuni penye jua, pasipofikiwa na mvua; usiku liingizwe jikoni, ambako joto la mafiga hubaki. Mbegu huchipua baada ya majuma mawili hivi, na penye baridi zaweza kuchelewa kidogo. Kisha acha mche mmoja tu ulio bora katika kila kikopo, na mingine ikate kwa mkasi badala ya kuing'oa.

Mwanzo wa Desemba, mvua zikianza kupungua, pandikiza mche pamoja na kikopo chake. Karatasi itaoza, na mzizi hautajua kwamba umehama.

Kuchagua Mahali

Hewa ya baridi ni kama maji. Usiku huteremka na kujikusanya mabondeni. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ni pale chini karibu na mto, hata kama udongo wake ni mweusi na mzuri. Panda katikati ya mteremko, mahali panapopata jua tangu asubuhi ili umande ukauke mapema. Tena udongo wa Kinangop mara nyingi ni mzito, wenye kushika maji. Hapo inua matuta ya futi moja, ukachimbe mifereji kando yake. Usitie samadi mbichi, wala samadi nyingi mno. Jira iliyoshiba kupita kiasi huota majani mengi, hulala chini na kuzaa kidogo.

Panda kwa mistari iliyoachana futi moja, na mche hadi mche inchi nne hadi sita. Palilia mara kwa mara, maana mmea huu ni mwembamba na magugu huushinda upesi. Maji mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, wala si juu ya majani. Punje zikianza kujaa, acha kumwagilia.

Jioni ukiona mbingu nyeupe, upepo umetulia na baridi imeanza kuuma mapema, tandika magunia au mikeka ya nyasi juu ya fito zilizoinuliwa kidogo, yasilalie maua. Asubuhi yaondoe. Mwenye kibanda cha plastiki cha kukuzia mboga aweza kukitumia, lakini sharti pande zake zifunguliwe mchana, kwa sababu hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani yaweza kuua jira kama mvua ya nje.

Magonjwa

Magonjwa makubwa ni matatu. La kwanza ni mnyauko, utokao udongoni: mche hulegea na kufa ghafula. Huu hauna tiba mmea ukiisha kushikwa. Kinga yake ni kutopanda jira mahali pamoja kwa muda wa miaka mitatu. La pili ni madoa meusi yaunguzayo majani na maua, ambayo yaweza kumaliza shamba kwa siku chache mawingu yakitanda. La tatu ni ukungu mweupe kama unga. Haya mawili ya mwisho yana dawa za kunyunyiza, na yafaa umwulize afisa wa kilimo wa sehemu yako kabla ya kununua.

Kuvuna

Mimea ikigeuka rangi na kuwa ya manjano na kahawia, ing'oe asubuhi mapema umande ukingalipo, ili punje zisipukutike. Ianike juu ya turubai mpaka ikauke kabisa, kisha ipigwe polepole kwa fimbo nyembamba. Desturi hii ni ya kale sana. Nabii Isaya, katika sura ya 28, asema kwamba jira haipurwi kwa gurudumu bali kwa fimbo. Pepeta, uhifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Na Kisibiti Je?

Wengine watauliza kama si afadhali kupanda kisibiti, kwa kuwa chajulikana kuwa cha nchi za baridi. Kweli Wafini, ambao kiangazi chao ni kifupi sana, hukilima kwa wingi na kukiuza nchi za nje. Lakini kisibiti chao hupandwa mwaka huu na kuvunwa mwaka ujao, nacho hakitoi maua mpaka kipitiwe na majira marefu ya baridi. Baridi yetu ni ya usiku, na mchana huondoka. Kwa hiyo anayetaka kukijaribu atafute aina ile ipandwayo na kuvunwa katika mwaka mmoja, naye ajaribu mistari miwili tu.

Faida na Hasara

Mwisho twataka kusema wazi juu ya fedha. Shamba la jira lililotunzwa vizuri kule India hutoa kama kilo 200 hadi 300 kwa eka, nalo lina hewa kavu na watu walioizoea kazi hiyo tangu babu zao. Mkulima wa milimani asitazamie kuwazidi mwaka wa kwanza. Viazi vibaki mahali pake. Apime kitanda kimoja cha futi 20 kwa 4, na karani mwenye kijibustani nyuma ya nyumba yake aweza kufanya vivyo hivyo. Aandike katika daftari siku aliyotia mbegu, siku maua yalipotokea, usiku wa sakitu, na uzito wa mavuno. Miaka miwili ya daftari hilo itamwambia kama mteremko wake unazo zile siku 134 au haunazo. Akikuta anazo, ndipo aongeze kitanda cha pili. Akikuta hanazo, atakuwa amepoteza kiganja cha mbegu tu, na viazi vyake vingali shambani.